Taa iwake mpaka asubuhi: hesabu tunayowatolea wakaaji wa avenyu yetu, Kamalondo

Haya ni maneno tuliyoyasema Jumapili mchana, mbele ya wakaaji wa avenyu yetu, katika parseli ya baba mmoja aliyetukopesha viti. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa vijana wa komini zingine wanaotuuliza kila siku: "Bandugu, projekta gani ya jua tununue?"



Tunajua wengine mumekuja na hasira, na hasira hiyo iko na haki yake. Leo hatukuja kuomba makuta. Tumekuja kutoa hesabu ya makuta mulikwisha kutupa, kuomba radhi, na kueleza ni kitu gani tulikosea ili tusirudilie tena.

Munakumbuka mwezi wa sita. Parseli 36 zilitoa kila moja falanga 10,000. Jumla ilikuwa falanga 360,000. Tulinunua projekta 6 za jua, kila moja falanga 55,000, ni kusema 330,000. Ile 30,000 iliyobaki ilienda kwa bulo, waya na kukodisha ngazi. Karatasi za malipo ziko hapa mezani, kila mtu anaweza kuzisoma. Hakuna falanga hata moja iliyopotea njiani. Lakini makuta yalipotea kwa njia ingine: tulinunua vibaya.

Kwenye boksi iliandikwa wati 200. Iliandikwa pia kwamba itawaka usiku wote. Usiku wa kwanza tulifurahi wote, watoto walicheza mpira mpaka 20h00, bamama walileta mbabula zao za kuchoma mahindi chini ya taa. Tulipiga picha, tukazituma kila mahali. Sisi wenye diplome za UNILU, tusio na kazi, tulijisikia kwamba siku hiyo tumefaa kitu.

Juma la tatu, projekta tatu zilikuwa zinazimika kabla ya 22h00. Mwezi wa nane, zote sita zilikuwa giza kabla ya usiku katikati. Tuliona, na hatukusema kitu kwenu. Tulifikiri ni vumbi, tulifikiri ni baridi, tulisema tutaangalia kesho. Hapo njo tulipokosea zaidi, kuliko hata kule dukani.

Kwa sababu mama mmoja wa avenyu hii, ambaye anaenda kuchukua mikate kwenye furu kila siku saa 4h30 asubuhi, alibadilisha njia yake ju ya taa zetu. Zamani alikuwa anazunguka kule kwenye bazamu wa duka. Alipoona taa, alisema sasa anaweza kupita hapa, ni karibu. Alitoka nyumbani mapema sana, na chini ya nguzo yenye projekta yetu, palikuwa giza tii. Walimnyang'anya makuta ya mikate na simu, wakamwangusha, mkono ukavunjika. Mama huyo amekaa hapa mbele. Alituruhusu tuseme habari yake, ila si jina lake. Alituambia neno moja ambalo hatutalisahau: "Bana bangu, giza niliizoea. Ni mwangaza wenu njo ulinidanganya."

Mama, tunaomba radhi mbele ya wote. Makuta yale ya mikate tumeyachanga sisi wenyewe na tumeyarudisha jana jioni. Mkono hatuwezi kuurudisha.

Taa inayozimika saa 22h00 ni mbaya kuliko kukosa taa. Mtu akijua kuko giza, anajichunga. Mtu akiamini kuko mwangaza, anatoka. Ndiyo maana hatuulizi tena "taa gani inawaka sana?" Tunauliza: "Saa 4h30 ya asubuhi, siku ya mvua, itakuwa inawaka?" Maneno yote yanayofuata ni ya kujibu swali hilo moja.

Tuanze na ndani ya boksi

Mmoja wetu alimaliza elektromekaniki. Alifungua projekta moja mbele yetu. Kwenye batri iliandikwa volti 3,2 na miliampea-saa 30,000, ni kusema ampea-saa 30. Tulipopima kwa kifaa, tulipata ampea-saa 7 tu. Tulipima pia pano yake: sentimita 35 kwa 25.

Tufanye hesabu pamoja, si ngumu. Kila mtu hapa anajua bidon ya maji ya litri 20. Batri ni bidon. Pano ni robine inayojaza bidon mchana. Taa ni mtu anayekunywa usiku. Maji yenyewe tunayapima kwa wati-saa. Ukitaka kujua bidon inaingia wati-saa ngapi, unazidisha volti kwa ampea-saa.

Etiketi ilisema: 3,2 mara 30, ni wati-saa 96. Ukweli ulikuwa: 3,2 mara 7, ni wati-saa 22. Bidon ambayo tulidanganywa ni ya litri 20 ilikuwa haifiki litri 5. Taa yenyewe ilikuwa inakunywa karibu wati 7. Wati-saa 22 ukigawa kwa wati 7, unapata masaa 3. Jua linazama, taa inawaka saa 18h30, na 21h30 bidon ni tupu. Hakuna ulozi, hakuna baridi. Ni hesabu ya kidato cha kwanza, na sisi hatukuifanya.

Na zile wati 200 za kwenye boksi? Hazikuwa mahali popote. Wati 200 kwa masaa 12 ni wati-saa 2,400. Pano nzuri, jua likipiga sawasawa, inatoa karibu wati 200 kwa mita moja ya mraba. Ile ya kwetu ya sentimita 35 kwa 25, hata ingekuwa nzuri kabisa, haiwezi kupita wati 17 hivi. Kwa kulisha taa ya wati 200 usiku mzima, siku yenye mawingu, ungehitaji pano ya zaidi ya mita 4 za mraba. Hiyo ni milango miwili ya nyumba na zaidi. Ukiona projekta ya wati 200 yenye pano ndogo kama daftari mbili, ujue namba ile ni ya kupamba boksi.

Kwa hiyo neno la kwanza: usinunue wati. Nunua wati-saa. Mwenye kuuza akikosa kukuambia wati-saa za batri, au volti na ampea-saa ili ufanye hesabu mwenyewe, mwambie asante na uende duka lingine.

Usiku wetu ni wa masaa mangapi?

Lubumbashi hatuko mbali sana na ikweta, lakini tuko kusini yake, karibu digri 12. Mwezi wa sita usiku unakuwa mrefu, masaa 12 na nusu. Mwezi wa kumi na mbili unakuwa mfupi kidogo, karibu masaa 11 na robo. Lakini mwezi wa kumi na mbili ni mvua, na mawingu yanakula jua. Tena kuna siku tatu mfululizo ambazo hatuoni jua vizuri. Taa ikichaguliwa kwa jua la mwezi wa nane, itakufa mwezi wa kwanza. Hesabu ifanywe kwa siku mbaya, si kwa siku nzuri.

Tulikaa tukahesabu taa moja ya kweli kwa kona ya avenyu. Wati 10 za kweli za LED zinatoa lumeni 1,000 na zaidi kidogo. Wazee wanajua balbu ya zamani: ni katikati ya ile ya wati 75 na ile ya wati 100. Si mwangaza wa stade. Lakini mtu anaona shimo, anaona mfereji, anaona sura ya mtu anayekuja.

Wati 10 kwa masaa 12 ni wati-saa 120. Batri haifai kukaushwa mpaka mwisho, tunaiachia sehemu moja katika tano. Kwa hiyo usiku mmoja unataka batri ya wati-saa 150. Tukitaka usiku mbili bila jua, ni 300. Kwenye etiketi hiyo ni volti 12,8 na ampea-saa 24. Kwa pano, tunahesabu masaa 4 ya jua lenye nguvu siku ya mvua, na tunakubali kwamba karibu theluthi moja ya nguvu inapotea njiani. Tunapata pano ya wati 45. Tunaongeza ili batri iweze kujaa tena baada ya siku mbaya: wati 60. Pano hiyo ni karibu sentimita 60 kwa 60, kama meza ndogo ya kuuzia sukari kadogo.

Sasa mufananishe: meza ndogo kwa wati 10. Na sisi tuliamini daftari mbili kwa wati 200.

Usiku una ncha mbili

Kuna kitu ambacho mama wa mikate alitufundisha na ambacho hakiko kwenye boksi yoyote. Projekta nyingi zinatoa nguvu yote mapema: zinawaka sana masaa mawili, matatu ya kwanza, kisha zinapunguza, kisha zinakufa. Lakini Kamalondo saa 20h00 haiko giza kweli. Nganda ziko wazi, maduka yana taa, batu wako inje. Wakati mubaya ni mbili: kutoka usiku katikati, na ule wa alfajiri, kuanzia 4h00, bamama wanapoenda kuchukua mikate na mboga, wanafunzi wa mbali wanapotoka, bazamu wanaporudi nyumbani.

Kuna taa ambazo mtu anaweza kuzipangia masaa. Tukipanga wati 10 kutoka 18h00 mpaka 23h00, wati 4 kutoka 23h00 mpaka 4h00, na tena wati 10 mpaka 6h00, jumla ni wati-saa 90 badala ya 120. Tunabakiza kitu kwa siku ya mawingu, na alfajiri tunapata mwangaza mzima. Tuulize hivyo dukani: "Hii inaweza kuongeza nguvu tena asubuhi, au inajua paka kupunguza?" Nyingi zinajua paka kupunguza.

Tena kuna zile ambazo zinaona mtu akipita, zinawaka sana, kisha zinashuka. Ni nzuri kwa mlango wa parseli. Kwa avenyu, angalieni mambo mawili. Kwanza, nyingi haziona mtu aliye mbali zaidi ya mita 8 hivi, na ukiipandisha juu sana kwenye nguzo haioni mtu kabisa. Pili, mtu asipokuwa karibu, inapaswa kubaki na mwangaza mdogo, si kuzimika. Mwizi anayesimama kimya kwenye giza haamshi taa. Anayeiamsha ni mama anayepita, na wakati huo amekwisha kuchelewa.

Batri, waya, pano: mambo ya kuangalia

Batri nzuri kwa kazi hii ni ya litiamu fosfati ya chuma. Kwenye etiketi wanaandika LiFePO4. Kila selo yake ni volti 3,2, nne pamoja ni 12,8. Mwenye kuuza akisema "ni fosfati" na etiketi inasema volti 3,7, ujue ni aina ingine. Ile ya fosfati inavumilia joto zaidi na inaweza kujazwa na kutumiwa mara elfu mbili na zaidi ikitunzwa, ni kusema miaka kadhaa ya usiku kwa usiku. Batri ya risasi, kama ile ya gari, inachoka mapema sana ukiikausha kila usiku.

Waya. Hapa ni mji wa shaba, bandugu. Mwaka 1911 shaba ilianza kuyeyushwa hapa Lubumbashi. Na bado tunauziwa waya wa aluminiumu uliopakwa shaba juu. Chukua kisu, kwangua kidogo: ndani ikiwa nyeupe, si shaba. Waya ule unapoteza nguvu njiani na unakatika kwenye bulo.

Pano na taa, bora vitengane. Projekta ambayo pano imeshikamana na taa inakulazimisha kuchagua: ama pano ione jua, ama taa ione barabara. Avenyu yetu iko na miembe pande zote mbili, tunaipenda, hatutaikata. Lakini kivuli cha tawi moja kwenye kona ya pano kinaweza kuangusha nguvu zaidi ya ukubwa wa kivuli chenyewe. Pano iende juu ya mabati, mahali pa wazi, iangalie kaskazini, iinamishwe kidogo, digri 15 inatosha, mvua iioshe yenyewe. Batri isiwekwe chini kabisa ya mabati, joto litaiua. Iwe kivulini, upepo unapopita.

Kiangazi mvua haioshi. Vumbi yetu nyekundu munaijua, na moshi ya makala pia. Kila juma mtu mmoja apande na kitambaa na maji. Tulipofuta pano zetu mwezi wa nane, maji yalitoka kama chai ya maziwa.

Kwenye taa tafuteni alama IP65. Ile 6 inasema vumbi haiingii, ile 5 inasema maji ya kurushwa hayaingii. Nayo inaweza kuandikwa uongo, kwa hiyo angalieni mpira wa kufungia: uko, au hauko? Uko mzima?

Taa iangalie chini. Projekta kubwa ikiangalia usoni mwa mtu inamfanya kipofu, na nyuma yake inatengeneza giza nzito zaidi. Na mwangaza unaisha haraka: ukienda mara mbili mbali na taa, unapata robo yake tu. Ndiyo maana taa nne ndogo zilizotawanywa zinasaidia avenyu kuliko moja kubwa inayoshangaza watu kwenye nguzo moja.

Na batri ikivimba, iondolewe. Musiitoboe, musiitupe kwenye takataka zinazochomwa, musiwaachie watoto. Tuleteeni, tutajua pa kuipeleka.

Wanaosema: hii si kazi yetu

Sasa tujibu swali ambalo wazee wawili wametuuliza kabla ya kikao: "Ju ya nini masikini anunue taa ya barabara? Serikali iko wapi?"

Wazee wako na haki. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungu cha 48, inasema kwamba haki ya nyumba inayofaa, ya kupata maji ya kunywa na ya kupata nguvu za umeme, inahakikishwa. Haisemi "kwa komini zenye makuta". Mwaka 1982 ulimalizika mstari wa umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, zaidi ya kilomita 1,700, ukapita juu ya vijiji vingi visivyo na balbu hata moja, kuja kulisha migodi ya jimbo letu. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, inayoingia kwenye batri za watu wengine. Na Manono kuko litiamu. Kusema mkaaji wa Kamalondo anachanga falanga 10,000 kwa ajili ya kamwangaza kadogo kutoka ng'ambo, ni jambo ambalo halipaswi kutuzoea.

Kwa hiyo tunafanya mambo mawili pamoja, na moja halifuti lingine. Tumeandika barua kwa wakubwa wa komini na wa mji, tukiomba taa za barabara kwenye avenyu zinazotoka stade ya TP Mazembe kuingia ndani ya kartie. Stade ile iko hapa kwetu tangu 2011. Siku ya mechi mji wote unakuja, usiku mji wote unapita avenyu zetu kurudi nyumbani. Barua imepokelewa, nakala yenye muhuri iko mezani. Tutarudi kuuliza jibu, kwa amani, kila mwezi, mpaka lije. Munaalikwa kutembea nasi.

Lakini mama wa mikate anatoka kesho saa 4h30. Hawezi kungoja barua. Wala hatutaki siku moja mkubwa fulani aseme: "Kamalondo walikwisha kujinunulia, tupeleke kwingine." Kwa hiyo kwenye kila nguzo tutaandika: taa hii imenunuliwa na wakaaji, kwa kungoja haki yao.

Tunapendekeza nini

Kwanza, hatuchangishi leo. Hatuchangishi mpaka taa moja ya mfano imewaka mbele yenu. Taa hiyo tutaijenga sisi: pano ya wati 60, batri tuliyoipima wenyewe, taa ya wati 10. Makuta yake tunayatafuta kwa vibarua vyetu, kama likelemba kati yetu vijana. Mtu akitaka kusaidia kwa waya au nguzo, karibu, lakini si sharti.

Pili, taa hiyo itawekwa kwenye kona ambako mama alianguka. Itaandikwa kwenye daftari usiku 14 mfululizo, mvua zikianza: iliwaka saa ngapi, ilikuwa namna gani saa 23h00, saa 2h00, saa 4h30. Bazamu wawili wa avenyu wamekubali kuandika. Daftari litakaa kwa mama wa duka la kona, kila mtu atalisoma. Taa ikizimika usiku mmoja kabla ya asubuhi, tutaandika "imezimika". Hatutaficha tena.

Tatu, ikishinda usiku 14, tutaleta bei kutoka kwa wauzaji watatu, na ninyi mutachagua: taa ngapi, kona gani kwanza. Mtu anayetoka alfajiri achague kabla ya mtu anayelala. Hilo ndilo pendekezo letu.

Nne, makuta hayatakaa kwetu. Yatashikwa na bamama wawili na kijana mmoja, na kila karatasi ya malipo itabandikwa ukutani. Kila taa itakuwa na parseli yake ya kuichunga, itakayofuta pano na kushika ufunguo wa boksi ya batri.

Tano, zile projekta sita za zamani hatuzitupi. Wati-saa 22 hazifiki asubuhi kwa wati 7, lakini kwa wati 2 zinafika: 22 kwa 2 ni masaa 11. Tumebadilisha mbili, tumezishusha chini ya milango ya parseli mbili, zimewaka mpaka 5h00 juma lote lililopita. Ni mwangaza mdogo wa kuona tundu la ufunguo na sura ya anayebisha. Nne zinabaki. Tunaomba zipewe parseli za wajane na wazee. Mukikubali, tutazifunga kesho.

Bandugu, taa haikamati mwizi. Anayemkamata, au anayepiga kelele kabla hajafika, ni jirani anayefungua dirisha. Taa inamsaidia jirani kuona. Tukinunua taa na kufunga madirisha, tumefanya kazi bure.

Tuliambiwa tangu utoto kwamba kusoma kutatupa kazi. Kazi hatujaipata. Lakini tulisoma, na kusoma kulipaswa kutusaidia walau kusoma etiketi. Mwezi wa sita tuliangalia picha ya boksi, hatukusoma. Tunaomba mutupatie usiku 14, si falanga. Baada ya hapo, daftari litasema, na ninyi mutaamua.

Mama wa mikate, mpaka daftari liseme, kila asubuhi saa 4h30 wawili wetu watakuwa kwenye kona, na tochi. Tumekwisha kupangana zamu. Tutakusindikiza mpaka furu na kurudi.

Sasa maswali, na mutuulize bila kutuonea huruma.